Mengo, Old Kampala au katikati ya jiji: njia ipi ya matembezi ya urithi inawafaa wanafunzi wako?

Ziara nyingi za shule jijini Kampala hupangwa kwa kuhesabu vituo. Mwalimu anaandika vituo nane au tisa kwenye barua ya wazazi, basi linashusha, watoto wanapigwa picha, basi linapakia. Mtoto akiulizwa jioni ameona nini, anakumbuka soda na foleni. Matembezi ya urithi ni jambo jingine. Watoto huenda kwa miguu kutoka alama moja ya historia hadi nyingine, vituo vitatu au vinne tu, na kila kituo wanasimama muda wa kutosha kutazama, kuuliza na kuchora.

Kampala ina njia tatu zinazotembeka hivyo. Ya kwanza iko Mengo, kutoka jumba la Bulange hadi ikulu ya Lubiri. Ya pili inaanzia kilima cha Old Kampala na kuishia Namirembe. Ya tatu iko katikati ya jiji: stesheni ya reli, Bunge, Mnara wa Uhuru. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya mwalimu mwenye watoto 40 hadi 60, basi moja, na saa tano hivi tangu kufika jijini mpaka kuondoka.

Msimamo wetu ni kwamba njia ichaguliwe kwa mambo mawili: darasa linasoma nini, na watoto watasimama wapi kwa usalama huku wakimsikia mwalimu. Umaarufu wa mnara uje baadaye.

Darasa kwanza

Mtaala wa Maarifa ya Jamii wa Uganda umejipanga kama miduara ya maji. Darasa la nne husoma wilaya yao, la tano Uganda nzima, la sita Afrika Mashariki, la saba Afrika. Kwa hiyo njia moja inaweza kuwa nzuri sana kwa darasa moja na kupita juu ya vichwa vya darasa jingine.

Mengo ni njia ya ufalme wa Buganda: nani aliongoza kabla ya wakoloni, koo zilijipangaje, nini kilitokea mwaka 1966, nini kilirudi mwaka 1993. Hiyo ni mada ya darasa la tano, na la nne kwa shule zilizo Kampala. Old Kampala na Namirembe inahusu waliokuja, yaani wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, askari, kampuni. Inafaa darasa la sita na la saba, na zaidi sekondari. Katikati ya jiji utakuta reli, Bunge na uhuru. Darasa la tano linaielewa, lakini kwa sababu ya magari tungeipeleka darasa la sita au la saba, ambalo pia linajua kwa nini reli ilianzia Mombasa.

Mengo: njia moja iliyonyooka

Hii ndiyo njia tunayoiona bora kwa shule ya msingi, na sababu ni umbo lake. Kutoka Bulange, jumba la Lukiiko (baraza la Buganda) lililojengwa miaka ya 1950, barabara ya Kabaka Anjagala inakwenda moja kwa moja hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ni kama maili moja. Mtoto akisimama mbele ya Bulange anaona anakokwenda, na akifika langoni anageuka na kuona alikotoka. Hakuna njia nyingine Kampala ambayo ramani yake mtoto wa miaka kumi anaweza kuichora kichwani bila msaada.

Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wa Nantawetwa. Watu wote na magari yote huzunguka, isipokuwa Kabaka: kwake hufunguliwa lango lililo katikati ya mzunguko ili apite bila kupinda. Jina lenyewe linabeba maana hiyo ya kutopindika. Simamisheni watoto kando, waangalie magari kumi yakizunguka, kisha waulizwe kwa nini barabara imejengwa hivyo. Wengi hupata jibu wenyewe, na somo la mamlaka ya mfalme limeshafundishwa bila ubao.

Koo za Buganda ndizo utajiri mkubwa wa njia hii, na pia ndipo walimu wengi hukosea. Koo hizo huhesabiwa 52, na kila mmoja una muziro, yaani kiumbe au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili wala kukidhuru. Mtoto wa Kiganda akisikia muziro wake ukitajwa hufurahi sana. Mtoto wa Kiacholi, wa Kigisu au wa Kinyankole aliye pembeni yake anabaki mtazamaji wa sherehe ya wenzake. Dawa yake ifanywe wiki moja kabla: kila mtoto aulize nyumbani ukoo wake ni upi na una mwiko gani, na aje na jibu limeandikwa. Karibu kila jamii ya Uganda ina koo. Siku ya matembezi, koo za Buganda zinakuwa mfano mmoja kati ya mingi iliyo madaftarini.

Walimu wa Kiswahili nao wasiachwe nyumbani. Majina ya koo ni somo zuri la lugha za Kibantu: Njovu ni ndovu, Nkima ni kima, Mbogo ni mbogo hivyo hivyo. Ila kuna mtego mmoja. Ukoo wa Mmamba hauhusu mamba wa Kiswahili. Mmamba ni kamongo, yule samaki mrefu wa matope anayepumua hewa. Mtoto anayejua Kiswahili atachora mamba mwenye meno, kwa hiyo mweleze kabla hajaanza kuchora.

Bulange huingiliwa kwa tiketi na mwongozaji. Mwongozaji huonyesha ukumbi wa Lukiiko na kueleza vyeo, kuanzia Katikkiro, yaani waziri mkuu, hadi wakuu wa koo. Lukiiko likiwa linaketi, ukumbi haupatikani, basi ulizeni siku kabla ya kulipa basi. Lubiri pia huwa na mwongozaji. Jumba lenyewe la Kabaka huonekana kwa nje tu, na mwambieni hivyo mtoto mapema, maana wengi huja wakitarajia kuona kiti cha enzi.

Kuna sehemu moja ndani ya Lubiri ambayo mwalimu lazima aiamue yeye, asimwachie mwongozaji. Wakati wa Idi Amin yalijengwa humo maghala ya silaha ya zege yaliyokuja kugeuzwa mahabusu ya mateso. Waongozaji huwapeleka wageni huko kama sehemu ya kawaida ya ziara, na huyaeleza yaliyotokea kwa undani. Kwa kidato cha tatu na kuendelea ni ushahidi wa historia usiopatikana kitabuni. Kwa darasa la nne au la tano tunashauri msiende kabisa. Mwambieni mwongozaji kabla ya kuanza, tena mbali na watoto, kwamba kundi litaishia kwenye viwanja. Kuyaeleza machache kwa maneno yanayofaa umri inatosha: tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia ikulu hii, Kabaka Mutesa II akatoroka na kufia London mwaka 1969, mwaka 1967 falme zikafutwa, mwaka 1993 zikarudishwa na Mutebi II akatawazwa.

Tatizo la Mengo ni mwanzo wa njia. Mbele ya Bulange magari na boda boda ni mengi, na ndipo mahali pagumu kuliko pote pa kuvuka. Ukishaingia Kabaka Anjagala, miti iko pande zote, kivuli kipo, na kasi ya magari hupungua.

Old Kampala hadi Namirembe: juu, chini, juu tena

Anzeni juu ya Old Kampala, ulipo Msikiti wa Taifa wa Uganda. Amin alianzisha mradi huo miaka ya 1970, ukasimama kwa muda mrefu, kisha ukakamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Ndiyo maana watu wengi bado wanauita msikiti wa Gaddafi.

Mnara wa msikiti una takribani ngazi 300, na kwa somo la historia ya Kampala hakuna darasa lililo bora kuliko juu yake. Kutoka pale mtoto anaona Mengo ya Kabaka, Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, Nakasero ya serikali, na chini kabisa kituo cha teksi kilichojaa magari meupe. Elezeni hapo vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892, wafuasi wa Waprotestanti na wa Wakatoliki walipopigana, na Frederick Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza, akawasaidia Waprotestanti. Kwenye kitabu vita hivyo ni aya ngumu yenye majina mengi. Juu ya mnara mtoto anaona kwamba kambi zote zilikuwa vilima vinavyotazamana, na kwamba mwenye bunduki ya Maxim alikuwa amekaa kilima hiki hiki alichosimama yeye.

Lugard alifika Desemba 1890 na kujenga ngome yake juu ya Old Kampala. Jengo la ngome linaloonekana leo karibu na msikiti ni nakala, kwa kuwa mahali pa asili palichukuliwa na ujenzi wa msikiti. Waambieni watoto ukweli huo, kisha waulizeni: nakala inatufaa nini? Darasa la saba linaweza kulijadili swali hilo dakika ishirini. Ongezeni kwamba Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908, yalianzia kilimani hapa kabla ya kuhamia barabara ya Kira mwaka 1954.

Historia ya Uislamu hapa inamgusa msemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Dini hiyo ilifika ikulu ya Kabaka Ssuuna katika miaka ya 1840 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Ahmed bin Ibrahim, anayetajwa kufika mwaka 1844, ndiye jina linalofundishwa. Lugha iliyokuja na misafara ile ndiyo tunayoitumia leo, na ni vizuri mtoto aisikie ikisemwa mahali pale.

Kutoka hapo mnashuka na kupanda tena kilometa moja na kidogo hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe. Jengo la sasa la matofali mekundu lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya lililotangulia kuteketezwa na moto wa radi mwaka 1910. Makaburini yupo Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Sir Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897 chini ya kilima hicho. Uwanja wa kanisa una nyasi na kivuli. Ni mahali pazuri kuliko pote kwenye njia hii pa kula chakula cha mchana, kwa ruhusa ya ofisi ya kanisa.

Njia hii inachosha kuliko Mengo. Mtoto mwenye pumu au mguu mbaya asipandishwe mnara, na mwalimu mmoja abaki chini naye akiwa na kazi ya kweli, si kungoja tu. Kuchora msikiti kutoka uwanjani ni kazi tosha. Kupanda kufanywe kwa zamu za watoto 15, mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma, na zamu ya pili isianze kabla ya ya kwanza kushuka, kwa sababu wanaopanda na wanaoshuka wakikutana ngazini, wadogo huogopa na kusimama. Zamu moja hesabuni dakika 25. Watoto 60 ni zamu nne, yaani saa moja na dakika 40 kwa mnara peke yake! Shule nyingi hazifanyi hesabu hii, zikajikuta Namirembe saa tisa alasiri na watoto wenye njaa.

Katikati ya jiji: alama nyingi, nafasi ndogo

Mnara wa Uhuru ndio picha inayojulikana kuliko zote. Ulichongwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha sanaa Makerere, kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962, na una urefu wa kama mita sita. Mwili wa chini umefungwa kama mtu aliyeviringishwa kwa vitambaa, mikono inamwinua mtoto, na mtoto amenyoosha mikono juu. Shule nyingi hukaa hapa dakika tano. Wapeni watoto dakika kumi na tano, penseli na karatasi, na maswali mawili tu: ni sehemu gani ya mwili ingali imefungwa? Mtoto anatazama wapi? Atakayechora ataona asichokiona mpiga picha.

Sahihisheni pia kosa moja la kawaida. Watoto wengi huamini bendera ya Uganda ilipandishwa hapa. Sherehe ya usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 ilifanyika Kololo.

Bunge lipo mwendo mfupi kutoka hapo, na mbele yake Upinde wa Uhuru. Kuingia ndani kunahitaji barua ya shule iliyotangulia na jibu la Bunge mkononi. Kwenda bila jibu ni kusimama nje kwenye lami. Picha za jengo na za askari zisipigwe bila ruhusa, na hili waambiwe hasa walimu na wazazi wasindikizaji, maana wao ndio wenye simu. Jirani yake ni Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1959, na nyuma yake maduka ya kazi za mikono. Ombeni kutumia uwanja wake kama kituo cha kukusanyika.

Stesheni ya reli iko chini, upande wa barabara ya Jinja. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala iliifikia mwaka 1931 tu, baada ya daraja la Nile pale Jinja. Kwa darasa la sita pengo hilo la miaka 30 ndilo somo: mzigo ulivukaje kati ya Kisumu na Uganda wakati huo? Jibu ni meli za ziwani, na hapo bandari ya Port Bell inapata maana.

Jambo moja la kutunza kwenye maelekezo: msitegemee majina ya barabara peke yake. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliagiza majina ya wakoloni yaondolewe kwenye barabara na viwanja vya Kampala, kwa hiyo kibao kinaweza kutofautiana na ramani yenu ya zamani. Andikeni majengo: "mbele ya Bunge", "upande wa stesheni". Na suala lenyewe la majina ni mjadala mzuri kwa darasa la saba, wakiwa bado wamesimama kwenye barabara yenyewe.

Kuvuka barabara

Hapa ndipo njia ya katikati inapoteza alama nyingi. Watoto 60 wakipangwa wawili wawili, kila jozi ikichukua mita moja, mstari ni mita 30. Barabara ya mita 10, kwa mwendo wa mtoto wa mita moja kwa sekunde, inahitaji sekunde 40 tangu jozi ya kwanza ikanyage lami mpaka ya mwisho ifike ng'ambo. Hakuna dereva wa boda boda atakayengoja sekunde 40. Atapenya katikati ya mstari, na mstari uliokatika ndio unaozaa ajali, kwa sababu jozi iliyoachwa hukimbia kuwafuata wenzake.

Gawanyeni makundi ya watoto 20, kila kundi na watu wazima watatu. Na badala ya kuvuka kama nyoka, vukeni kama ukuta: watoto wajipange safu mbili za kumi kando ya barabara, nyuso zikitazama ng'ambo, mtu mzima mmoja kila upande akisimamisha magari, kisha wote waingie kwa pamoja. Kundi zima linavuka kwa sekunde kumi na kidogo. Fanyeni mazoezi kwenye uwanja wa shule siku mbili kabla. Huenda ikaonekana kazi ya bure kwa shule ya mjini, lakini mtoto wa mjini huvuka peke yake kila siku, na kuvuka na wenzake 19 hajawahi.

Kwenye njia ya Mengo mtavuka hivi mara mbili au tatu. Old Kampala hadi Namirembe ni mara tatu au nne, na bondeni teksi ni nyingi. Katikati ya jiji si chini ya mara sita. Kwa sababu hiyo, kama katikati ya jiji ndiyo mnayoitaka, nendeni Jumapili asubuhi au siku ya mapumziko, na mkubali kwamba Bunge hamtaliingia.

Sauti nayo. Kando ya barabara yenye magari, sauti ya mwalimu hufika safu ya tatu, haiendi mbali zaidi. Maelezo marefu yatolewe mahali patulivu kabla ya kufika: uwanja wa jumba la michezo ya kuigiza, nyasi za Namirembe, ndani ya Bulange. Kando ya barabara watoto watazame tu.

Mavazi, viatu na imani

Sare ya shule ni nzuri kwa kumtambua mtoto, ila sketi fupi haikubaliki msikitini, na Bulange hutarajia heshima hiyo hiyo. Suruali kwa walimu wa kike pia huleta maneno kwenye lango la ikulu. Msikiti una vitambaa vya kuazima wageni, lakini msitegemee vitatosha wasichana 35 kwa wakati mmoja. Kila msichana aje na leso mbili, moja ya kiunoni, moja ya kichwani. Mavazi ya darasa zima yanamalizika kwa dakika tano mkiyavaa ndani ya basi, na huchukua nusu saa mkingojea langoni.

Viatu ni tatizo lisilotarajiwa. Msikitini vinavuliwa, na viatu vya shule vyote ni vyeusi, vya kampuni moja, vya namba tatu au nne. Jozi 60 zikirundikwa mlangoni, kuzitenganisha ni dakika 20 na machozi. Chukueni magunia sita safi, watoto kumi kwa gunia, kila jozi imefungwa kamba zake pamoja na kipande cha plasta chenye jina ndani ya kiatu. Soksi zilizotoboka pia ni aibu kubwa kwa mtoto wa miaka 12. Taja soksi kwenye barua ya wazazi, basi.

Barua hiyo iseme wazi kwamba watoto wanatembelea jengo na hawashiriki ibada, msikitini wala kanisani. Mzazi Mkristo na mzazi Mwislamu wasome sentensi ile ile. Barua isiyosema hivi huleta simu za usiku wa kuamkia safari. Ijumaa mchana msiupangie msikiti, Jumapili asubuhi msiipangie Namirembe.

Fedha na vibali

Kwenye Mnara wa Uhuru na barabarani hakuna malipo. Bulange, Lubiri na msikiti hulipiwa. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni maswali manne kwa simu na kupata jibu kwa maandishi: bei ya mwanafunzi ni ngapi, walimu wanalipa au hawalipi, mwongozaji yumo ndani ya bei, na tiketi ya Bulange inafika Lubiri au ni mbili tofauti. Swali la mwisho ndilo huharibu bajeti. Bebeni pia barua ya shule yenye mhuri na orodha ya majina. Nakala tatu zinatosha: moja kwa kiongozi, moja basini, moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mvua na saa

Kampala hunyeshewa sana Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mara nyingi mvua kubwa ya alasiri. Siku nzuri ni mwanzo wa muhula wa kwanza, Februari, au Juni na Julai. Anzeni saa mbili na nusu asubuhi na mmalize kutembea kabla ya saa saba. Kwa mvua, Mengo ina Bulange, Old Kampala ina msikiti, katikati haina kitu cha uhakika. Makumbusho kwenye barabara ya Kira ndiyo akiba nzuri: ni ya ndani, na watoto hupigiwa ngoma na ala za jamii mbalimbali.

Kasubi na Namugongo

Tunaulizwa mara nyingi kama haya yanaweza kuongezwa. Makaburi ya Kasubi, yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, wamelazwa Makabaka wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, liliungua tarehe 16 Machi 2010 na kujengwa upya kwa nyasi na ufundi wa koo, na mwaka 2023 likaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ni pahali pa kupewa nusu siku peke yake. Watoto watembee humo polepole, waone matete na mafundo. Namugongo, walikouawa mashahidi wa imani ya Kikristo tarehe 3 Juni 1886, iko nje ya jiji kwa basi, na wiki za mwisho za Mei barabara yake hujaa mahujaji. Kuviunganisha viwili hivi na mojawapo ya njia tatu kunaleta siku ya kukaa basini.

Tungechagua hivi

Darasa la nne na la tano: Mengo, bila kusita, na kuishia viwanja vya Lubiri. Darasa la sita: katikati ya jiji, Jumapili, kuanzia stesheni, mkipanda kuelekea Bunge na kumaliza kwenye Mnara wa Uhuru, kwa sababu hadithi inakwenda kwa mpangilio wa miaka, reli kwanza na uhuru mwisho. Shule yenye watoto zaidi ya 60 iiache njia hii mpaka igawanye siku mbili. Darasa la saba: Old Kampala na Namirembe, kundi la 40 lisizidi, kwa ajili ya mnara.

Sekondari wanaweza kuunganisha mbili. Anzeni Old Kampala saa mbili na nusu, mshuke hadi Namirembe, mle chakula kwenye nyasi, mteremke hadi Bulange na kumalizia Lubiri, kama kilometa nne kwa jumla. Basi lisiwafuate nyuma. Lishushe Old Kampala, liende likaegeshe Mengo, na dereva awe na simu ya kiongozi wa kundi. Maji yabebwe na wanafunzi, nusu lita kila mmoja, na ya kujaza tena yabaki Namirembe kwenye madumu mawili yaliyopelekwa asubuhi. Vyoo ni msikitini, Namirembe na Bulange. Mwalimu atangaze vyoo kila kituo kabla ya maelezo, kwa kuwa mtoto aliyebanwa hasikii habari za Lugard.